Utando wa Redio ya Bi Zuhura

Kabla hujashika ukanda wa alumini, nawa mikono. Ukishanawa, usiushike. Tumia kijiti. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa na Fundi Mbwana, na nimeona likiwakimbiza vijana wengi kuliko hesabu, kwa sababu kijana huona ni dharau kuambiwa kwamba mikono yake iliyooshwa kwa sabuni bado haifai. Si dharau. Jasho lina chumvi, na kazi ninayotaka kuwasimulia adui yake ni chumvi. Nasi tuliifanya Bagamoyo, mahali ambapo chumvi iko kwenye upepo, kwenye visima, kwenye mabati, na kwenye misumari ya milango, ambayo huliwa taratibu mpaka kikabaki kichwa peke yake.

Nyinyi mnaosomea elektroniki leo mnaijua kapasita kama kitu kidogo mnachokitoa kwenye kisanduku cha plastiki. Mkiambiwa ndani yake mna utando wa oksidi, mnakubali, mnaendelea. Mimi utando huo nimeukuza mwenyewe, katika bakuli la kioo, juu ya meza ya mvule, ndani ya chumba kilichokuwa zamani ghala la mbata na ambacho hakikuacha kunuka nazi siku zote nilizofanya kazi humo. Harufu ya nazi kavu ikinifikia hata leo, mkono wangu mmoja huenda mgongoni wenyewe. Fundi Mbwana alituamuru tufanye kazi ya umeme mkali kwa mkono mmoja, mwingine uwe mgongoni, ili umeme ukikupiga usipite kifuani.

Niliingia kazi hii nikiwa mtu mzima. Nilikuwa karani wa ghala katika shamba la mkonge upande wa Lugoba, mpaka bei ya mkonge ilipoanguka na shamba likapunguza watu. Redio nilikuwa nimejifunza peke yangu, kwa masomo ya posta na kwa kuharibu redio za ndugu zangu. Nilipofika kwa Fundi Mbwana nikamweleza kwamba nadharia yote ninayo. Hakubisha. Alinipa pasi ya kulehemu, akanitazama nikiishika, akasema, "Karani, hiyo si kalamu." Tangu siku hiyo mji mzima uliniita Karani, na wapo waliokula pilau ya harusi yangu bila kulijua jina langu jingine.

Fundi Mbwana alikuwa mtu wa mji mkongwe, baba yake na babu yake waliuza vitambaa. Hakuwahi kupandisha sauti. Redio ikimshinda aliifunika kwa kanga, akatoka kwenda kunywa kahawa, akasema anaiacha kidogo ione haya. Nami nilicheka, lakini nilikuja kuelewa kwamba aliyekuwa akipumzishwa ni yeye. Makosa mengi ya fundi hufanywa katika saa ile anayokataa kuinuka.

Sasa niwaeleze kitu chenyewe, kwa maneno aliyonieleza yeye. Umeona ile sehemu nyeupe ya plagi ya gari, ngumu kama kikombe cha kauri? Ile ni oksidi ya alumini, unga wa alumini uliokutana na oksijeni ukachomwa. Haipitishi umeme. Sasa chukua oksidi hiyohiyo, uitandaze juu ya ukanda wa alumini, iwe nyembamba kiasi kwamba unywele ukiwekwa kando yake utaonekana kama gogo. Huo ndio utando. Juu yake inawekwa karatasi iliyoloweshwa kwa majimaji maalumu, kisha ukanda wa pili, vyote vikakunjwa kama mkeka na kutiwa ndani ya kopo. Umeme unahifadhiwa kati ya pande mbili, na kinachouzuia usivuke ni utando ule tu. Kadiri unavyokuwa mwembamba ndivyo kapasita inavyoweka umeme mwingi. Kadiri unavyokuwa mwembamba, vilevile, ndivyo unavyopasuka upesi. Kazi yote iko kati ya sentensi hizo mbili.

Katika redio za zamani, zile zenye taa za kioo ndani badala ya transista, kapasita kubwa ilikaa penye umeme mkali ikiuchuja. Redio ikikaa miaka bila kuwashwa, utando unadhoofika. Ukiichomeka tu ukutani kwa pupa, unapasuka. Sisi tuliiamsha kwanza. Tuliipa umeme kidogo kupitia balbu, tukaangalia mita. Mshale unapanda, kisha unaanza kushuka polepole. Kushuka huko ndiko kupona kwa utando. Ukishatulia unaongeza volti kidogo, unangoja tena. Kazi ya kuamsha kapasita haina ujanja wowote isipokuwa kukaa.

Lakini zilikuwepo zilizokauka kabisa. Hizo ama unanunua mpya, ama unazifungua. Na katika miaka ya sabini kununua mpya kulikuwa ni kuandika agizo na kusubiri. Ndiyo maana tulijifunza kuzifungua.

Majimaji tuliyatengeneza kwa unga wa boriki, gliserini, tone la amonia na maji yaliyotoneshwa. Boriki na gliserini tulivipata duka la dawa kwa Bwana Karimu. Bagamoyo yote iliujua unga wa boriki, si kwa tiba wala kwa redio, bali kwa keram. Ulinyunyizwa ubaoni ili kete ziteleze. Basi kila nilipokwenda kuununua, Bwana Karimu aliniuliza mbele ya wateja wake kama redio yake iliyokuwa kwetu itatoka kabla au baada ya mashindano. Siku moja dukani ulikuwa umekwisha, nikaazima kwa wacheza keram wa karibu na soko. Sikujua kwamba wao, ili udumu, waliuchanganya na unga wa muhogo. Niliuchemsha kwenye maji, nikakoroga, ukaanza kuwa mzito. Fundi Mbwana akaja akachungulia ndani ya sufuria, akaniuliza kwa upole kama nimeshatia sukari.

Tangu hapo nikawa na desturi ya kupima kila kitu kabla ya kukitia. Desturi hiyo ndiyo iliyonifichulia kosa letu jingine, la maji ya mvua. Sisi wa pwani, tuliozoea visima vyenye chumvichumvi, tuliyaheshimu sana maji ya mvua. Tulidhani hakuna maji safi kuliko hayo. Tukayakinga kwenye bati, tukatengeneza majimaji, na utando ukakataa kukua. Nilidondosha tone la maji yale juu ya kipande cha kioo, nikaliacha jua lilikaushe, likabaki duara jeupe. Nilikwenda kulamba bati. Ndiyo, nilipanda ngazi nikalamba bati, na mama mmoja jirani aliniuliza kama nyumbani kwangu wamegoma kupika. Bati lilikuwa na ladha ya bahari. Upepo huleta chumvi kila siku, mvua huiosha na kuiteremsha kwenye pipa. Baada ya hapo tulinunua maji ya betri kwa Hemedi, aliyekuwa akichaji betri za magari kwenye gereji yake njia ya Makurunge. Alikuwa na mtambo mdogo wa kutonesha maji, na alijivunia maji yake kama mwingine anavyojivunia ng'ombe.

Nimewaeleza haya yote ili mwelewe nilivyokuwa siku Bi Zuhura alipokuja. Nilikuwa mtu aliyejiona anamjua adui wake.

Bi Zuhura binti Seif alikuwa mjane wa mfanyabiashara, wa familia yenye asili ya Oman iliyokaa Bagamoyo vizazi kadhaa. Alikuja siku za mwanzo za Ramadhani, nyuma ya mkokoteni, na juu ya mkokoteni kulikuwa na redio kubwa kama sanduku la safari, imefunikwa shuka.

"Shikamoo, Bi Zuhura," alisema Fundi Mbwana, akisimama.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Alikaa kwenye kiti tulichompangusia, akatueleza. Redio ilikuwa ya marehemu mumewe, na haikuwashwa tangu afariki. Mwanawe wa pekee, Nassor, aliondoka katika miaka ile ambayo watu wengi wa pwani waliondoka, na kwa muda mrefu hakujua yuko wapi. Halafu jirani yake mmoja akaenda kuhiji, akamkuta Nassor Makka. Nassor alimpa jirani huyo chupa ya maji ya Zamzam aliyoyachota kwa mkono wake, ampelekee mama. Akampa na ujumbe wa mdomo: kuna stesheni ya ng'ambo yenye kipindi cha salamu kwa Kiswahili, na siku ya Idi, baada ya Magharibi, atahakikisha jina la mama yake linasomwa.

Fundi Mbwana alimwambia kwamba mjini zipo redio ndogo za transista, angeweza kwenda kusikiliza kwa jirani.

"Nimezijaribu," alisema. "Zinashika kelele ya samaki wakikaangwa. Stesheni hiyo aliipata marehemu tu, kwa redio hii, na waya ule mrefu uliofungwa mnazini. Ikisema siku ya Idi, nitashukuru. Ikija kusema baada ya Idi, sina haja nayo, Mbwana. Iuzeni."

Tuliifungua siku hiyohiyo. Taa zake zilikuwa nzima. Kapasita kubwa zilikuwa mbili. Moja tuliiamsha, ikaamka vizuri. Ya pili ilikuwa nyepesi mkononi kama ganda la yai, imekauka. Fundi Mbwana alituma ujumbe Dar es Salaam kwa kila duka alilolijua, majibu yakawa yaleyale: hakuna, labda baadaye. Tukaamua kuijenga upya.

Ukanda tuliupata kwa kufungua kapasita nyingine zilizokufa, zilizojaa kwenye debe chini ya meza. Tulichagua vipande ambavyo havikuliwa, tukavisuuza kwa maji ya Hemedi, tukavining'iniza kwa kijiti kwenye bakuli la boriki. Upande chanya wa umeme kwenye ukanda, upande hasi kwenye bakuli kupitia kipande kingine cha alumini, balbu katikati, mita mbele ya macho. Fundi Mbwana alikaa kwenye kitufe cha kupandisha volti. Mimi nilisoma mshale.

Jaribio la kwanza lilikwenda vizuri mwanzoni, kisha mshale ukakataa kushuka. Tulingoja. Badala ya kushuka ukaanza kupanda wenyewe, na kwenye ukanda vikatokea vidoa vyeusi vidogo kama macho ya dagaa, kila kimoja kikitoa uzi wa mapovu. Hiyo ndiyo alama ya chumvi. Ilikuwa imepenya utando na kuutoboa.

Nikaanza kumtafuta adui. Nilijishuku mwenyewe kwanza, nikafunga vidole kwa kitambaa. Vidoa. Nikabadili bakuli. Vidoa. Nikachukua boriki kutoka kopo jipya ambalo Bwana Karimu alilifungua mbele yangu. Vidoa. Nikabadili ukanda, nikafunga madirisha upepo usiingie, tukakaa ndani ya harufu ya nazi na joto, tumefunga saumu, midomo imekauka, tukitazama mapovu. Nilibadili kitu kimoja kimoja, si viwili kwa pamoja, kwa sababu ukibadili viwili hutajua kilichosaidia. Hili mlishike. Lakini Ramadhani haikutungoja. Kila jioni Bi Zuhura alipita akielekea kwa shemeji yake, akasimama mlangoni, akauliza hali ya mgonjwa. Fundi Mbwana alimjibu kwamba anaendelea kutibiwa. Nami niliinamia kazi yangu nisimwangalie.

Kilichobaki kubadilishwa kilikuwa maji. Sikuyashuku kwa sababu Hemedi alikuwa Hemedi. Tulikuwa na chupa zake mbili, moja imefunguliwa, ya pili bado ina nta mdomoni. Nilikumbuka kutoka masomo yangu ya posta kwamba dawa ya fedha hufichua chumvi; ukitia tone lake kwenye maji yenye chumvi, yanageuka maziwa. Na dawa hiyo Bwana Karimu alikuwa nayo, kwa sababu ndiyo waliyotiwa machoni watoto wachanga.

Alinipa kichupa, akanitazama juu ya miwani. "Jana keram, leo mtoto mchanga," alisema. "Ndoa hiyo ina kasi, Karani."

Nilirudi, nikatoboa nta ya chupa ya pili, nikamimina maji kidogo kutoka kila chupa kwenye glasi mbili za chai, nikadondosha tone moja kila glasi. Glasi ya chupa mpya ilibaki angavu kama haina kitu. Glasi ya chupa tuliyokuwa tukiitumia iliingia wingu, wingu likatanda mpaka chini.

Fundi Mbwana alikuwa nyuma yangu, ameona. Mimi sikumwangalia hata uso. Nilichoona ni Hemedi akijaza chupa moja kutoka kwenye mtambo wake na ya pili kutoka kisimani, ili apunguze kazi. Nilivaa kofia yangu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Hemedi. Ametuuzia maji ya kisima."

"Kaa chini."

"Fundi, Idi imetufikia. Leo atanieleza mbele ya wateja wake."

"Kaa, Karani. Hemedi hana kosa. Kuna maji niliyatia mimi."

Nilikaa. Naye alikaa upande wa pili wa meza, akalisogeza bakuli pembeni kama mtu anayetafuta nafasi ya kuweka mikono. Alinieleza kwamba siku ileile tulipofungua chupa, mimi nikiwa msikitini, Bi Zuhura alikuja na kikombe cha kahawa kimefunikwa kisahani. Ndani yake mlikuwa na Zamzam. Alimwomba ayatie kwenye kazi ile, kwa baraka. Naye aliyatia kwenye chupa ya Hemedi, yote, akaitikisa.

"Ningemwambiaje?" alisema. "Kwamba maji aliyoyachota mwanawe hayafai kwenye redio itakayomletea mwanawe? Na mimi mwenyewe sikudhani. Maji yale, Karani. Nani angedhani?"

Ni kweli, nani angedhani. Nilikuwa nimelamba mpaka mabati, lakini hata mimi, kama kikombe kile kingeletwa mikononi mwangu, ningekitia. Na bado jambo lenyewe ni wazi kwa aliyewahi kuyanywa. Yana uzito wake ulimini, yana madini yake, ndiyo sifa yake moja. Sisi tulichanganya utakatifu wa kitu na usafi ule unaotakiwa na alumini, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Nimewaona wasomi wakifanya kosa la aina hiyo kwa njia nyingine, wakiamini chombo kwa sababu ya jina la nchi kilikotoka.

Nilimwambia kwamba chupa ya pili inatosha kwa jaribio moja, na kwamba hakuna haja ya Bi Zuhura kujua chochote. Fundi Mbwana alilifikiria hilo. Kisha akasema kwamba mama yule kila jioni anasimama mlangoni, na kila jioni yeye anamjibu nusu, na hawezi kwenda kuswali Idi akiwa amemjibu nusu tena. Akachukua kofia yake yeye. Tukaenda wote.

Bi Zuhura alitupokea barazani. Fundi Mbwana alimweleza yote bila kuzunguka: chumvi ni nini kwa utando ule, maji yalifanya nini, na kwamba amechelewa kujua kwa sababu hakutaka kuamini. Alipomaliza, mama aliiangalia mikono ya Fundi Mbwana.

"Yameharibu maji yote?"

"Ya chupa moja, Bi Zuhura. Moja imebaki. Lakini siku zimetupotea."

"Kwa chumvi."

"Kwa chumvi."

"Mimi nimelelewa na visima vya mji huu, Mbwana. Chumvi haijanishtua bado." Aliinuka, akaenda ndani, akarudi na ile chupa yenyewe. Ilikuwa imebaki chini ya nusu. Aliiweka kwenye meza katikati yetu. "Leo mtafuturu hapa. Haya mtayanywa nyinyi. Bati halina roho, lina haja gani ya baraka? Mkono wako ndio wenye haja nazo."

Adhana ya Magharibi ilipotoka tulikula tende, tukayanywa maji yale kwenye vikombe vya kahawa, tumeelekea kibla, kila mtu na dua yake. Sikumwuliza Fundi Mbwana aliomba nini.

Kesho yake tulianza na chupa ya mwisho. Kila chombo kilisuuzwa kwa kijiko cha maji, si zaidi. Mimi sikuruhusiwa hata kuzungumza karibu na bakuli. Fundi Mbwana alipandisha volti kidogo, mshale ukapanda, ukasimama, ukaanza kushuka. Alingoja. Akaongeza. Ukapanda, ukashuka. Tulikaa hivyo asubuhi nzima na mchana, tukitoka kwa zamu kwenda kuswali, na kila niliporudi mshale ulikuwa unateremka kama mzee anayeshuka ngazi, bila haraka na bila kukosea.

Karibu na mwisho alinituma nifunge madirisha yote. Nilidhani ni kwa ajili ya upepo. Macho yalipozoea giza nikaona kwamba ukanda ulikuwa unatoa mwanga, hafifu sana, wa kijanikijani, uliotandaa sawasawa kutoka juu hadi chini bila doa hata moja. Ndio utando unaokua. Nimefanya kazi baadaye Dar es Salaam, kwenye karakana yenye vipimo vya kisasa ambavyo vinakuandikia kila kitu kwa tarakimu, na nimeshukuru kuwa navyo. Lakini mwanga ule sikuuona tena mahali pengine.

Tulipoutoa na kuukausha, ukiuinamisha kwenye jua la dirishani ulikuwa na kivuli cha rangi, manjano kidogo, kidogo zambarau. Tuliukunja na karatasi mpya na majimaji mapya, tukautia kwenye kopo, tukaziba kwa lami. Kisha tukapima. Kupima kwetu kulikuwa rahisi: unaijaza umeme, unaiacha, kisha unaiunga na mita na kutazama mshale unakawia kiasi gani kurudi. Halafu unafanya hivyohivyo kwa kapasita nzima, unalinganisha. Yetu ilirudi upesi zaidi. Uwezo wake ulikuwa pungufu, na ilivuja kidogo; ukiigusa baada ya muda ilikuwa vuguvugu. Maana yake redio ingenguruma chinichini, na kopo lingezidi kupata joto kadiri linavyokaa kwenye umeme, mpaka siku moja lipasuke. Fundi Mbwana alisema iwashwe kwa kipindi, si zaidi, kisha izimwe.

Kapasita mpya ilikuja kutoka Dar es Salaam miezi mingi baadaye, tukaibadilisha. Ile yetu niliiomba, akanipa. Niliifungua nikaiangalia, kama mnavyotegemea kutoka kwangu. Utando ulikuwa umechoka pembeni, katikati ukiwa mzima.

Lakini siku ya Idi ile, kapasita yetu ikiwa bado ndani ya redio, tulikwenda kwa Bi Zuhura baada ya Magharibi. Redio ilikuwa imewekwa sebuleni, waya mrefu umepitishwa dirishani. Majirani wa kike walikaa ndani, wanaume barazani, na mimi na Fundi Mbwana chini kwenye mkeka nyuma ya redio, paneli imefunguliwa. Aliiwasha kupitia balbu kwanza, kisha akaiondoa balbu. Taa zikawaka nyekundu. Mngurumo ukaja, mdogo, kama nyuki ndani ya chupa. Nikazungusha kitufe taratibu. Samaki wakakaangwa, wakakaangwa, kisha sauti ya mwanamume ikatokea upande wa pili wa mngurumo, inasoma majina kwa Kiswahili safi. Fulani wa Mombasa amsalimu dada yake. Fulani wa Pangani awasalimu wazazi wake wote. Fundi Mbwana aliweka kidole kwenye kopo, akakiacha hapo.

Majina yalikuwa mengi. Nilianza kufikiri kwamba jina la Bi Zuhura limeshapita kabla hatujaipata stesheni. Kopo lilianza kuwa la moto. Niliona Fundi Mbwana akibadilisha kidole. Halafu msomaji akasema: Nassor bin Suleiman anamsalimu mama yake mzazi, Bi Zuhura binti Seif, wa Bagamoyo, anasema yu mzima, ana mke na mtoto wa kike, na mtoto amemwita Zuhura.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Kila mtu alikuwa anamtazama yeye, naye alikuwa anaitazama redio, mkono mmoja umeshika ncha ya mtandio wake. Msomaji hakujua lolote; aliendelea na jina linalofuata, mtu wa Tanga na shangazi yake.

Fundi Mbwana alinong'ona kwamba kopo limechemka, tuzime sasa, lisije likapasuka. Akanyoosha mkono kwenye kitufe.

"Acha, Mbwana," alisema Bi Zuhura. "Na hawa wana mama zao."

Akaurudisha mkono wake, akakiweka tena kidole juu ya kopo, na tukakaa tukisikiliza majina ya watu tusiowajua mpaka kipindi kikaisha.